Jina Chini ya Rangi

Siku yangu ya kwanza kazini, nyapara wetu alinipa brashi ya waya na mkebe wa thina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, akanipeleka kwenye ukuta mmoja pale Mbotela. "Wairimu, anza na matusi," akaniambia. "Majina ya watu yatangoja."

Kikosi chetu kiliondoa maandishi kwenye kuta za mitaa ya Eastlands. Ukuta wa mawe tuliusugua mpaka rangi ikatoka. Wa plasta tuliufunika kwa rangi mpya, maana ukiusugua sana unabomoka. Nyapara alisisitiza kuwahi, kwa sababu ukuta ukiachwa na neno moja, wengine huongeza yao. Penye ukaidi tulipanda ua wa kayaba. Nani atachora huku anachomwa na miiba?

Baadaye nikahamishiwa Makongeni. Huko nilimkuta Mama Mutua, mjane aliyeuza sukuma wiki kando ya ukuta wa mawe. Mwanawe, Mutua, alikuwa ameandika jina lake mwenyewe hapo kwa rangi nyekundu, juma aliloondoka kwenda kutafuta kazi Uarabuni. Mwanzoni alikuwa akipiga simu. Kisha akanyamaza.

Msimamizi wa mtaa alitaka ukuta wote uwe safi, na hakukosea. Vijana walikuwa wameshaanza kuandika kulizunguka lile jina.

Nilipofika na brashi yangu, Mama Mutua alisimama mbele yangu. "Hilo usiguse, mwanangu. Sina kitu kingine alichoandika kwa mkono wake."

Nikashindwa. Nikamwita nyapara, nikijua atanifokea, kwani alikuwa mtu mkali. Alilitazama jina, akavua kofia.

"Mama, hatuwezi kuliacha lionekane," akasema. "Lakini hatutalisugua. Tutalifunika tu. Litabaki hapo chini."

Mama Mutua akanyoosha mkono. "Basi nipeni hiyo rangi nipake mwenyewe."

Alipaka polepole, herufi baada ya herufi, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Kuanzia hapo hakuna aliyeandika kwenye ukuta ule. Vijana walijua ni wa nani.

Mutua hakurudi. Mama yake alichoka kungoja, akaenda kwao Kitui. Nyapara akafariki, nami nikastaafu.

Asubuhi bado huwa naamka mapema, navaa, ndipo nakumbuka sina pa kwenda. Juzi nilitoka hivyo hivyo mpaka Jogoo Road, nikakuta kikosi kipya kikipaka ukuta. Harufu ya thina ilinisimamisha. Msichana mmoja mwenye ovaroli aliniona nikiwatazama uso kwa uso, mmoja baada ya mwingine.

"Sasa shosho," akaniita kama nyanya yake, "unatafuta mtu?"

Nikamwambia napita tu. Lakini nilikuwa nawatafuta wenzangu.