Bi Mwanawetu na Filamu ya Helmeti

Bi Mwanawetu binti Mshamu alizaliwa Umwe, akasoma Kibiti mpaka kidato cha pili, akaolewa Bungu, na Kiingereza akajifunzia Nyamisati kwenye matope. Wakati huo kulikuwa na watafiti wa mikoko waliopanga nyumba karibu na bandari, naye akaajiriwa kuwapikia. Mtafiti mmoja mwanamke, aliyependa kuongea kuliko kula, akamwomba siku moja amshikie utepe wa kupimia miti. Tangu hapo kila maji yakipwa walikuwa wakiingia mikokoni pamoja, mmoja anapima, mwingine anaandika, na maneno hayakatiki. Ikawa hivyo miaka sita. Utafiti ulipofungwa Mwanawetu akarudi Bungu kwa mumewe. Mwaka uliofuata mumewe akafariki, naye akabaki na nyumba, shamba la mihogo, na Kiingereza ambacho hakikuwa na kazi yoyote barabarani pale.

Aliyekuja kukihitaji ni Saadi, mwenye banda la video. Banda lenyewe ni la mabati, mabenchi manane, runinga kubwa bapa ukutani na spika mbili. Ubavuni kuna chumba kidogo chenye mashine mbili za gemu. Mtafsiri wake alikuwa amehamia Mbagala, na watu wa Bungu hawakai kutazama filamu ambayo hakuna anayewasemea kwa Kiswahili. Saadi akaenda nyumbani kwa Bi Mwanawetu, akavua viatu, akaeleza shida yake.

Sihaba, wifi yake, aliyekuwa akikaanga mihogo mlangoni pa banda hilohilo, aliposikia alikasirika. "Mjane wa kaka yangu ashike maiki mbele ya vijana? Si bora anisaidie kumenya mihogo?"

"Wifi, kumenya nitamenya asubuhi," alijibu Mwanawetu. "Alasiri nitatafsiri."

Ikawa hivyo. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu filamu za ngumi na za mapenzi hazina siri. Mtu akikasirika unamwona, akilia unamwona. Ukikosa neno unatia la kwako, watu wanacheka, mambo yanaendelea. Mimi nauza vocha na chaji za simu mkabala na banda, na nakumbuka malori ya korosho yakisimama pale, madereva wakiulizana, "Leo anatafsiri yule mama?"

Kisha ikaja filamu ya Helmeti. Jina lake halisi halikumkaa mtu kichwani. Ilikuwa filamu ya mambo ya anga, yote imechorwa kwa kompyuta, hakuna hata mwigizaji mmoja aliyesimama mbele ya kamera, na ilikuwa imetokana na gemu ambalo vijana wa Bungu walikuwa wakilicheza kwa Saadi miaka miwili. Askari saba wanatumwa kwenye mgodi ulio mbali huko kwenye nyota, ambako wachimbaji wameacha kujibu simu. Wanafika, hawakuti mtu. Sauti ya mwanamke kwenye redio inawaongoza mlango baada ya mlango.

Siku ya kwanza banda lilijaa mpaka watu wakakaa chini. Bi Mwanawetu alianza vizuri, lakini baada ya dakika kumi nikamsikia anababaika. Nyuso zote zilikuwa ndani ya helmeti. Huoni mdomo ukicheza, kwa hiyo hujui nani kasema. Hata pale walipovua helmeti, macho yao yalikuwa makavu na mashavu hayakunjamani, mtu anazungumzia kifo kama anayeuliza bei ya nyanya. Na waliotengeneza filamu hawakueleza kitu. Waliona kila atakayetazama atakuwa ameshacheza gemu.

Ikafika mahali kamanda anamgeuzia bunduki askari wake na kumuua. Bi Mwanawetu akatafuta sababu, hakuiona. Akasema kwenye maiki, "Alikuwa na wivu naye siku nyingi!"

Banda zima likalipuka.

"Sivyo, mama!"

"Vumbi hilo! Ameingiwa na vumbi!"

"Wivu wapi! Zima maiki hiyo!"

Akazima kweli. Filamu ikaisha kwa Kiingereza chake, watu wakazozana wenyewe kwa wenyewe, na Bi Mwanawetu akatokea mlango wa nyuma bila kuaga. Kesho yake alasiri maiki ilibaki mezani. Sihaba aliniambia alimkuta amekaa jikoni na sufuria tupu mapajani.

"Kule Nyamisati nimewahi kutafsiria maprofesa na wavuvi mahali pamoja," alimwambia wifi yake, "na hakuna aliyewahi kuniambia nizime."

"Basi acha."

"Siachi. Nataka nijue hilo vumbi ni nini."

Asubuhi ya siku ya tatu alikwenda kwenye chumba cha gemu. Aliyekuwepo ni Mudrick, dereva wa bodaboda wa miaka ishirini na minane, ambaye kila mtu alijua kwamba ameshalimaliza gemu lile mara tatu. Aliwahi kuanguka na pikipiki njia ya mashambani, akavunjika mguu mahali pawili, akakaa miezi minane bila kupanda chombo. Miezi hiyo yote alishinda kwa Saadi, mguu juu ya ndoo, pedi ya kuchezea gemu mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mudrick, nimekuja unifundishe."

Mudrick alidhani anataniwa. Alipoona amevuta kigoda akaketi na kufungua daftari, akaanzisha gemu. Haikupita muda wote wawili wakagundua jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Mudrick alijua kila mlango, kila shimo, kila adui anatokea upande gani, lakini alichosema mtu yeyote mle ndani hakukijua. Shule aliiachia darasa la sita. Gemu lote alilimaliza kwa macho. Mwanawetu naye alielewa kila neno na hakujua hata mtu anakwenda wapi.

"Huyu anasema nini?" aliuliza Mudrick.

"Anasema vumbi la mgodini likikuingia kifuani, siku ya tatu unaacha kuitika jina lako."

Mudrick akasimamisha gemu. "Ndiyo maana kamanda anamwita yule askari mara tatu kabla hajampiga?"

"Anamwita, haitiki. Ndiyo maana," alisema Mwanawetu, akaandika.

Walikaa hivyo asubuhi nne. Mudrick anacheza, Mwanawetu anasema. Kilichomfurahisha kijana zaidi ni ile sauti ya redioni. Alikuwa ameipa jina, Bi Dada. Alipokuwa mgonjwa, alisema, ilikuwa ikimwongoza gizani huku mguu unamuuma, na alikuwa akiijibu kwa Kiswahili: nimekuja, Bi Dada, nifungulie. Sasa alitaka kujua kila inachosema. Mwanawetu akamwambia: inasema fuata taa za kijani. Inasema usiguse maji. Inasema umefanya vizuri kufika hapa.

"Kumbe alikuwa ananisifu," alisema Mudrick, akacheka peke yake.

Asubuhi ya nne walifika mlango wa mwisho. Ukifunguka, maadui wanamiminika kama siafu, na Mudrick, kama alivyozoea, akaanza kupiga risasi. Nyuma ya kelele zile Mwanawetu akasikia sauti ya redio inaendelea kuongea.

"Usipige. Nataka kusikia."

"Nisipopiga nakufa, shangazi."

"Kufa basi."

Mudrick akaondoa vidole. Askari wake akaanguka baada ya maneno machache. Wakarudia. Akaanguka tena. Mara ya nne ndipo Mwanawetu alipoupata ujumbe wote, akauandika mpaka mwisho.

"Anasemaje?"

"Mudrick, ngoja kwanza."

"Wewe niambie tu."

Akausoma polepole. "Kama mlango huu umefunguka, mimi sipo tena. Sauti hizi nilizirekodi zote siku moja, nilipokuwa bado naitika jina langu. Milango nimeiacha wazi kwa mpangilio. Sijui wewe ni nani, lakini nimefurahi umefika."

Mudrick alitazama runinga, ambako askari wake alikuwa amelala chini na maandishi mekundu juu yake. Akaweka pedi juu ya meza, akachukua funguo za pikipiki, akatoka. Siku tatu hakuonekana chumba cha gemu. Saadi alimwona kituoni Bungu akisubiri abiria, akamuuliza kulikoni, akaambiwa hakuna kitu.

Saadi mwenyewe alikuwa ameshatangaza kwamba Ijumaa, watu wakitoka msikitini, filamu itarudiwa. "Safari hii tia vichekesho, dada," alimshauri Mwanawetu. "Watu hawataki mambo ya vumbi, wanataka kucheka."

"Sina kichekesho hapa, Saadi. Ukitaka kuchekesha shika maiki wewe."

Alikuwa amejaza daftari zima, kila askari na namba yake na nani anajibu nani. Kurasa mbili za mwanzo zilikuwa maelezo ya kuwasomea watu kabla ya filamu kuanza: habari ya mgodi, habari ya vumbi, na kwamba mwanamke wa redioni ni marehemu. Ijumaa hiyo, watu wakiwa wanaingia, Mudrick akatokea. Amevaa kanzu, ametoka kuswali. Akamsogelea mezani.

"Shangazi, utawaambia mwanzoni?"

"Nimeandika hivyo. Wasije wakapotea kama siku ile."

"Vumbi waambie. Lakini huyu mama usiwaambie. Waache wamzoee kwanza, kama mimi."

"Wakishamzoea si wataumia?"

"Wataumia," alisema Mudrick. "Lakini watakuwa wamemjua."

Bi Mwanawetu akachukua kalamu, akaikata kwa mstari aya ya mwisho, ile ya mwanamke wa redioni.

Nilifunga duka nikaingia. Alitafsiri kwa sauti yake ya kawaida, bila kuigiza, akitaja kila mara nani anasema. Kamanda alipomwita askari wake mara tatu, naye haitiki, hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja nyuma yangu alisema "La ilaha illallah" kwa sauti ndogo. Redio iliposema, Bi Mwanawetu alipunguza sauti na watu wakainama mbele kumsikiliza.

Mwishoni askari wawili waliobaki wanaingia kwenye chumba cha redio. Kwenye filamu hakuna neno pale. Kuna kiti kitupu, kikombe, na kamera inazunguka karibu nusu dakika kimya. Waliocheza gemu na kuusikia ujumbe wa mlango wa mwisho wanaelewa, wengine hawaelewi. Katika kimya hicho Bi Mwanawetu akafungua ukurasa mwingine, akasoma ujumbe ule wote, maneno yaleyale aliyomsomea Mudrick. Alipofika "nimefurahi umefika," alifunga daftari.

Taa zilipowashwa watu walibaki wamekaa. Mwalimu Abdulkarimu, anayefundisha Kiingereza, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Bi Mwanawetu, samahani. Yale maneno ya mwisho hayamo kwenye filamu. Nimesikiliza vizuri."

"Hayamo, mwalimu. Yamo kwenye gemu."

"Sasa kazi ya mtafsiri ni kusema kilichomo."

"Walioitengeneza waliona kila mtu anayajua. Hapa yalikuwa hayajulikani, hata kwa Mudrick aliyemaliza gemu mara tatu. Nikae kimya?"

Mwalimu akatazama benchi, akasema atalifikiria. Sihaba, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko wa mafuta mkononi tangu katikati ya filamu, akamuuliza wifi yake, "Kwani hawa ni watu au si watu?"

"Ni michoro ya kompyuta, wifi."

"Na yule mwanamke?"

"Naye hivyohivyo. Sauti tu ndiyo ya mtu."

"Haya," alisema Sihaba, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akarudi kwenye karai lake, ambako mihogo ilikuwa imeungua yote.

Saadi alikuwa amerekodi. Wiki iliyofuata vijana waliisambaza kwenye simu, ikafika Nyamisati, ikavuka na boti mpaka Mafia. Yule mtafiti aliyependa kuongea akapigiwa simu na mwanamke aliyewahi kupika pamoja na Mwanawetu, akaambiwa, yule mshika utepe wako siku hizi anasikika baharini kote. Filamu nyingine mbili za aina hiyo zimekuja tangu hapo, na Bi Mwanawetu hagusi maiki kabla Mudrick hajacheza gemu lake mpaka mwisho huku yeye amekaa pembeni na daftari. Moja Saadi hakulipata gemu lake, na mpaka leo haijaonyeshwa.

Mudrick naye alimwomba amfundishe Kiingereza. Wanakaa Jumatatu asubuhi, kabla abiria hawajawa wengi, kwenye kibaraza cha Bi Mwanawetu. Si mwepesi. Anaandika maneno jinsi anavyoyasikia, na Bi Mwanawetu anayasahihisha kwa kalamu nyekundu bila huruma. Mwezi uliopita alicheza gemu jipya peke yake, akasikiliza mlinzi mmoja akiongea, akakimbia mpaka nyumbani kwa Bi Mwanawetu kumwambia kwamba ameelewa sentensi nzima. Sentensi yenyewe ilikuwa onyo la kutoingia mahali fulani. Alikuwa ameshaingia, ameshakufa, na alikuwa akicheka.