Mkono Usiozoea Kupika Kidogo

Mama Lusungu alipostaafu, kazi iliyomshinda ilikuwa moja tu: kupika chakula cha mtu mmoja.

Jina lake ni Tupokigwe. Alitoka Tukuyu akiwa na miaka ishirini na moja, akaolewa na Benson, karani wa bohari, na kwa miaka ishirini na sita akapika kwenye shule ya bweni hapa Dar es Salaam. Wanafunzi mia nne. Alikuwa akitazama gunia la unga anajua limebakiza siku ngapi. Kisha Benson akafariki, mtoto wao wa pekee, Lusungu, akapangiwa kazi Dodoma, na mama akabaki peke yake kwenye nyumba yao ya Buza, wilayani Temeke. Mimi ni mpangaji wa chumba cha uani. Nafundisha shule ya msingi ya hapo jirani, na mengi ninayoyasimulia niliyaona mwenyewe.

Kila mchana ugali wake ulitosha watu sita. "Mwalimu, chukua sahani," ananiita dirishani. "Mkono umezoea vibaya." Nilikula mpaka suruali zikaanza kunibana. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba mie peke yangu sitaweza.

Ndipo akaanza kupeleka sahani kwa mzee Fransis, mchonga vinyago wa zamani kutoka Newala, ambaye macho yalikuwa yamemwisha na alikuwa akishinda na chai ya rangi tangu asubuhi. Wiki ya pili mzee Fransis akamwambia, "Mama, ukiniletea mie peke yangu unanionea. Pale zahanati tunapewa dawa za presha, tunaambiwa tumeze baada ya kula. Tupo wengi tunaomeza bila kula."

Jumanne iliyofuata Mama Lusungu alitoa stoo sufuria mbili kubwa alizopewa siku ya kuagwa shuleni, akamwita Talha, muuza mkaa wa mtaani kwetu, akamwomba nusu gunia. Talha alipojua la nini, akaleta gunia zima na kukaa kusubiri aone. Saa saba mchana walikuwa wazee tisa uani kwetu. Baada ya mwezi walikuwa ishirini na watatu, kila Jumanne na Ijumaa. Pensheni yake na fedha za pango langu ziliingia humo, na Lusungu alikuwa akituma kidogo kutoka Dodoma. Hakuna aliyeulizwa dini wala kadi ya chama. Wakifika wananawa, wanakaa, wanakula.

Palikuwa na sheria moja tu, ya mpishi wa shule: chakula kinaliwa hapahapa. Alikuwa na sababu zake. Maharage yaliyofungwa mchana wa joto la Dar, jioni yamechacha, na mzee mwenye dawa akiharisha ni mgonjwa mara mbili. Alilitangaza hilo kila siku, akiwa ameshika mwiko.

Siku moja akamwona bibi Rosalia. Alikuwa bibi mwembamba, Mmakonde, wa miaka kama sabini na sita, aliyekuwa akikaa pembeni kabisa karibu na ukuta. Alikula matonge mawili, akageukia ukutani, akatoa kopo lenye mfuniko chini ya khanga na kuanza kuhamishia ugali humo.

"Bibi Rosalia," Mama Lusungu akamwita kwa sauti, "hilo kopo la nini?"

Watu wote wakaacha kula. Bibi Rosalia alifungua kopo, akarudisha chakula sahani, akakila chote, polepole, tonge baada ya tonge, huku tunamtazama. Akaosha sahani yake. Akasema, "Ahsante, Mungu akuzidishie," akaondoka.

Ijumaa hakuja. Jumanne hakuja. Ijumaa nyingine nafasi yake pale ukutani ikawa tupu tena, na nilimwona Mama Lusungu akiitupia jicho kila anapopita na ndoo ya maji.

"Mwalimu," akaniambia jioni ile, "mie nimemwaibisha mtu mzima mbele ya watu. Kesho unisindikize."

Tulimpata kwenye chumba kimoja cha kupanga, upande wa kwenda Yombo, nyuma ya gereji. Mlango ulikuwa wazi. Ndani walikuwapo watoto wanne, na kwenye jiko palikuwa na birika tu. Mkubwa wao aliponiona akasimama ghafla. "Shikamoo mwalimu."

Alikuwa Margareta, mwanafunzi wangu wa darasa la tano. Huyu ndiye aliyekuwa akilala juu ya dawati kila siku kipindi cha nne, na mimi, kwa mkono wangu, nilikuwa nimeandika kwenye ripoti yake: mvivu, ajirekebishe. Nilimwitikia, kisha sikujua pa kutazama.

"Shikamoo bibi," akasema Mama Lusungu.

"Marahaba. Karibuni. Viti ndiyo hakuna."

Akatueleza kwa maneno machache. Watoto ni wa binti yake, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Baba yao alirudi Mtwara, simu haipatikani. Yeye alikuwa akifua nguo za watu mpaka mgongo ukamkatalia. Ule ugali wa Jumanne na Ijumaa alikuwa akiugawa mara nne.

"Lakini bibi, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kopo," akajibu bibi Rosalia. "Hukuniuliza watoto."

Mama Lusungu alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya saruji, kama wanavyofanya kwao mbele ya wakubwa. "Nimekosa, mama yangu. Unisamehe."

"Nimeshakusamehe. Ila mie kula wao wakiwa huku hawana kitu, hapana. Kile cha siku ile sikukila, nilikimeza."

Tulipofika kwa Talha, Mama Lusungu alisimama mbele ya magunia ya mkaa, akasema, "Ijumaa wazee waje na wajukuu zao. Wote. Pitisha habari."

Na Talha, ambaye anafahamiana na kila jiko la Buza, akapitisha. Tulitegemea watoto kumi, kumi na mbili. Walikuja thelathini na wanne. Wengine walitoka shule moja kwa moja, zamu ya asubuhi, na madaftari mkononi. Sufuria ya kwanza iliisha kabla nusu yao hawajapata.

Hapo ndipo nilipomwona mpishi wa watu mia nne. Hakuhamaki. Aliingia ndani, akatoka na mchele wake wa mwezi mzima, mafuta, vitunguu, na kisado cha dagaa alichokuwa amewekewa na shemeji yake wa Mwanza. "Hakuna atakayeondoka," akasema. "Nyie watoto, kaeni kivulini. Mwalimu, wape hesabu za kichwa." Nikawapa hesabu za kichwa kwa dakika arobaini na tano. Wakala wote. Margareta alikula sahani mbili, halafu akalala juu ya mkeka, na safari hii hakuna aliyemwamsha.

Watu walipotawanyika, Mama Lusungu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imemwangukia mapajani. Bibi Rosalia, aliyekuwa amebaki kuosha masufuria, akaja akasimama karibu naye.

"Wiki ijayo huna kitu."

"Sina."

"Mie nina mihogo."

Mama Lusungu akamtazama.

"Kimbiji," bibi akaendelea. "Shamba la marehemu kaka yangu. Wanawe wako Arusha, hawana habari nalo. Waliniambia nivune nitakavyo. Navuna na nini? Mguu haunifikishi, gari sina. Nguruwe ndio wanaokula."

Jumamosi Talha alifuta vumbi la mkaa kwenye kirikuu chake, kale kagari kadogo ka mizigo, na tukaenda wanne. Lami ilipoisha barabara ikawa mashimo matupu, na kabla ya Kimbiji tulinasa mchangani mara mbili. Mimi na Talha tulisukuma, akina mama wakakata majani na kutandika chini ya matairi. Tulifika saa tano.

Sijawahi kuona mtu akibadilika vile. Bibi Rosalia aliyekuwa akikaa ukutani kama anayeogopa kuchukua nafasi, aliingia shambani akajifunga khanga kiunoni, akaanza kutuamuru. "Huo acha, bado mchanga. Shika chini, braza, usivute kama unang'oa jino! Mama Lusungu, chuma majani ya juu tu, hayo laini." Akacheka. Talha, mwili wote ule, aliinama na kung'oa alipoonyeshwa. Tulirudi Buza na magunia matatu ya mihogo na moja la kisamvu, bibi Rosalia amekaa mbele kwa dereva.

Jumanne hiyo mpishi wa miaka ishirini na sita, aliyelelewa kwa ndizi za Tukuyu, alifundishwa kutwanga kisamvu. Alikosea, aliweka chumvi mapema. Bibi Rosalia akamnyang'anya mwiko. Wazee wakashangilia mpaka majirani wakaja kuchungulia.

Sasa ni mwaka wa tatu. Lile shamba limepandwa upya, wana wa marehemu wakapigiwa simu na wakaridhia. Kwaya ya kanisani kwa Mama Lusungu imeongeza sufuria ya tatu. Watu wa msikitini kwa akina Talha huleta mchele kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na akina mama wa sokoni wanatutumia mchicha. Mzee Fransis alipasuliwa jicho moja, sasa anaona vya kutosha kulalamika kwamba nyama imekatwa ndogo. Margareta yuko darasa la saba. Ripoti ile niliichana na kuandika nyingine, nikampelekea bibi yake mwenyewe, na nikamwomba radhi yeye na mtoto.

Sio kila kitu kimekaa sawa. Yapo majuma tunayopika uji tu. Mama Lusungu magoti yanamsumbua, na daktari amemkataza kusimama muda mrefu, amri ambayo anaitii siku za Jumapili. Wazee wanne tumewazika. Lakini tangu ile Jumamosi ya Kimbiji Mama Lusungu hajakosa hata Jumanne moja.

Mwezi uliopita walikuja akina mama watano kutoka Chamazi. Nao wanataka kuanzisha jiko lao. Walikuja na madaftari na kalamu, wakataka kujua utaratibu, sheria, uongozi. Mama Lusungu akawapa visu wamenye mihogo kwanza. Walipokuwa wamefika nusu ya gunia, mmoja akauliza tena: mtu aanze na nini?

Nilidhani atawaeleza masufuria, au mkaa, au namna ya kupima unga. Akaweka kisu chini.

"Mie nilianza vibaya," akasema. "Nilimfokea bibi mmoja kwa ajili ya kopo la ugali." Akawasimulia yote, bila kupunguza, huku bibi Rosalia amekaa pale pale akichambua majani. "Kwa hiyo nyie mkimwona mzee anaficha chakula, msimuulize hapo mbele za watu. Mfuateni kwake. Muone anakula na nani."

Mmoja wa wale akina mama alikuwa ameacha kuandika. Bibi Rosalia akamsogezea beseni.

"Menya, mwanangu," akamwambia. "Watoto wanatoka shule saa sita."