Picha Iliyolala Kwetu

Juzi nilienda Nairobi, kwenye jumba la sanaa, kuazima picha za kufundishia darasa langu. Kumbe siku hizi hawaazimi picha za kadi. Wanakutumia kila kitu kwenye simu. Nilikuwa natoka zangu nimekasirika kidogo, nikamwona yule mama kwenye picha ukutani. Rafiki yangu, miguu iligoma.

Sisi tukiwa watoto wa shule kule kijijini Nuu tulimjua akiwa kwenye kadi ngumu, kubwa kama sinia. Mwalimu wetu aliazima sanduku zima la picha kutoka jumba hilohilo, na alikuwa na mtindo wake: kila Ijumaa mtoto mmoja anabeba picha nyumbani, anauliza watu wa kwao wanaona nini, halafu Jumatatu anatuletea majibu. Zamu yangu ilipofika nilipewa mama aliyetugeuzia mgongo, amebeba mtungi wa maji kwa ukanda wa ngozi uliopita kichwani. Mama yeyote wa kwetu, kwa kweli.

Shida ni kwamba sikuwa na watu wa kuuliza. Tulikuwa mimi na nyanya mzaa mama tu. Mama yangu alienda Mombasa kutafuta kazi kabla sijaanza shule, na habari zake zikakatika. Boma lilikuwa kimya hadi unasikia kuku akijikuna.

Niliegemeza picha kwenye ukuta wa jikoni, nikaenda kufunga mbuzi. Nyanya akarudi kutoka shambani, macho yake yana ukungu, moshi nao umetanda. Nilimkuta amesimama mlangoni, anaisalimu picha kwa Kikamba, vile mzazi humsalimu mtoto wake. Akangoja. Kwetu salamu haiachwi hivyo. Lazima mtu aitikie. Akarudia. Ule ukimya ulinishinda, nikaitikia nikiwa nyuma yake, kama mtoto anavyomwitikia mzazi kwetu: "Aa."

Akageuka, akaniona, akaenda kuipapasa ile kadi. Wee, nyanya alicheka! Alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso. Halafu akapakua muthokoi, yale mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe: sahani yangu, yake, na nyingine akaiweka pale ukutani. Tukala.

Jumatatu asubuhi hakutaka kuiachilia. "Mwambie mwalimu aniachie kidogo," akasema. "Hata hajapumzika."

Lakini kulikuwa na mtoto mwingine anayengoja zamu yake. Nikaibeba. Mwalimu akauliza kwetu tuliona nini, nikamjibu, "Mama akirudi nyumbani." Akaandika ubaoni, somo likaendelea. Jioni nilikuta nyanya amekaa akitazama ukuta mtupu.

Nyanya tulishamzika. Kile kijumba cha jikoni kimeanguka, na mama hadi leo sijui aliko. Nimewakumbuka wote wawili, jamani, sitaficha.

Pale jumbani nilisimama mpaka mlinzi akasema wanafunga. Nikamsalimu yule mama kwa Kikamba, polepole, kama nyanya. Nikangoja. Nyuma yangu hakukuwa na mtu wa kuitikia.