Kocha Wetu wa Magongo Alipokwenda Muheza

Msimu ule timu yetu ya mpira wa magongo ilifungwa mpaka majirani pale Chumbageni wakaacha kutuuliza matokeo. Mimi nilikuwa beki. Kila mechi ikiisha, kocha wetu alisema neno lilelile: "Hamkimbii." Tukakimbia. Tukafungwa tena.

Kocha huyo, mzee aliyestaafu kazi ya reli, ndiye aliyeianzisha timu. Alikuwa pia mwenyekiti, mtunza vifaa na mpangaji wa safari, hata zile za kuvuka bahari kwenda kucheza Pemba. Siku moja, tukivua viatu baada ya kipigo kingine, kipa wetu, dada mwenye ulimi mkali, akasema waziwazi, "Uongozi ubadilishwe. Mzee amechoka, anatuchosha na sisi."

Wenzangu wakaitikia. Mimi sikubisha, ila nilijiuliza: huyo mwingine akija, atafanya nini ambacho mzee hafanyi? Niliwauliza. Wakaendelea kufungua kamba za viatu.

Timu iliyotufunga vibaya kuliko zote ilikuwa ya wasichana wa Muheza, na kocha wao alikuwa mwalimu wa kike. Jumamosi moja nikaenda kuwatazama wakifanya mazoezi.

Nilitarajia mbio na filimbi. Nikawakuta wamesimama. Mwalimu ameweka mpira chini, anauliza, "Mpira uko hapa. Wewe uliye kule mbali, kazi yako nini?" Msichana mmoja akajibu, mwenzake akambishia, wakajaribu yote mawili. Nusu ya mazoezi ilikuwa ubishi. Mimi nimecheza miaka, na swali lile sikuwahi kuulizwa.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa kocha, kule Pongwe.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Wamekutuma uniambie mnanifukuza?"

Nilishikwa na haya. Nikamwambia kwamba sikutumwa, ila maneno hayo yapo. Kisha nikamsimulia ya Muheza, nikisubiri afoke. Badala yake akasogeza kiti.

"Wanabishana, na yeye anawaacha?"

"Anawaacha."

"Huyo aliye mbali, wakasema afanye nini?"

Nikamwonyesha kwa vikombe vya chai mezani. Akavipanga upya, akauliza, akavipanga tena. Mkewe alipokuja kuviondoa, mzee akavikinga kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata alikwenda Muheza mwenyewe. Aliporudi akatuita uwanjani.

"Ukocha naacha," alisema. "Nimemwomba yule mwalimu awe anakuja kuwafundisha akipata nafasi, amekubali. Na mimi nitakuwepo, nataka kuona anavyofanya."

"Na uenyekiti?" kipa akauliza.

Mzee akaokota gongo moja, akalifuta vumbi. Nadhani hilo lilimuuma zaidi. "Chagueni mnayemtaka."

Tukamchagua kipa, kwa kuwa ndiye aliyepiga kelele zaidi.

Mechi ya kwanza chini ya mwalimu tulifungwa. Ya pili tukatoka sare, tukashangilia kama tumetwaa kombe. Mpaka leo sijui hasa nini kilitubadilisha: mwalimu, au kule kuruhusiwa kubishana, au kumwona mzee wa umri ule akiuliza maswali mengi kuliko sisi sote. Niliwahi kumuuliza mwalimu. Akacheka, akasema hata yeye angependa kujua.

Jioni ile ya sare, kipa alimfuata mzee, akaketi kando yake kwenye nyasi.

"Mzee wangu," akamwambia, sauti imeshuka, "hebu nielekeze. Timu nzima unaisafirishaje mpaka Pemba?"