Leo Siombi Dakika

Siku moja ya msimu wetu wa mwisho wa mpira bado ninayo kichwani, mwanangu, hasa ninapowasikia ninyi vijana mkijisifu kwamba hamjui kuchoka. Nami sikujua. Nilichojua ni kupatana tu, kama mnunuzi sokoni.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, hapa hapa Bruseli. Nilikuwa kapteni wa timu ya mpira ya wasichana wa chuo chetu cha uuguzi. Usifikirie uwanja wa majani mazuri. Ulikuwa mtaa wa Schaerbeek, nyuma ya majengo, nusu yake tope. Wachezaji wengi walitoka Kivu na Bujumbura. Wiki nzima darasani, Jumamosi na Jumapili kazini: kusafisha ofisi, kuogesha wazee. Kabla ya kila mechi niliwahesabu, nikawahesabu tena, kana kwamba mara ya pili angezaliwa mmoja zaidi.

Umaarufu wangu ulitoka hapo. Nilikuwa namwomba refa dakika ili waliochelewa wafike. Leo wavu umetoboka, kesho kamba ya kiatu imekatika. Akinipa tano nalalamika kama niliyeibiwa. Akiongeza mbili nashukuru kama niliyepunguziwa bei ya kitenge kwenye maduka ya Chaussée d'Ixelles. Refa wetu wa kawaida alikuwa mtu wa Lubumbashi, kwa hiyo tulielewana. Tulifungwa sana, lakini tulicheza.

Tukafika mechi ya mwisho. Tulikuwa tumeshakosa mechi moja kwa uchache wetu, na chuo kilisema tukikosa nyingine timu inafutwa. Siku hiyo tukawa sita. Sheria inataka saba. Wa saba alikuwa Espérance, golikipa wetu, ambaye alikuwa akitoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee huko Koekelberg.

"Monsieur, eko mu tram," nilimwambia refa.

"Kila wiki eko mu tram. Hiyo tram haifikake?"

Ikafika. Espérance alikuja mbio, akaniita yaya, yaani dada mkubwa. "Pole, yaya Furaha. Mama muzee mumoja alianguka mu douche akioga, nikabakia naye."

Akaketi benchi avae glavu. Nilipogeuka tena alikuwa amelala, glavu moja mkononi, nyingine ameiuma kwa meno.

"Mumuache," akasema mmoja wetu, "anakula petit déjeuner ya asubuhi."

Tukacheka. Nikamshika bega nimwamshe. Tonton Juma, mjomba wetu sote, mzee wa Bujumbura aliyetufundisha mpira, akanishika mkono.

"Wewe Furaha. Arbitre umemuomba dakika musimu muzima. Huyu mutoto umemuombaka nini?"

"Yeye mwenyewe alisema sawa, tonton."

"Anasemaka sawa kwa kila muntu. Donc hakuna mwenye kumuuliza."

"Tukimuacha, timu inakufa."

"Bon. Itakufa." Akavua koti lake, akamfunika. "Kapteni ni wewe. Muamushe, ao umuache."

Nilimtazama Espérance. Viatu vyeupe vya kazini alikuwa bado hajavivua.

Nikaenda katikati ya uwanja. Refa alikuwa ameshaanza kutabasamu. "Haya, sema. Leo ngapi?"

"Leo siombi dakika, Monsieur. Tumechoka."

Akaniangalia, akaangalia benchi, akapuliza filimbi polepole, mechi ikaisha kabla haijaanza. Wiki ileile timu ikafutwa. Jezi zetu wakapewa wavulana, zikawabana, sikuwahurumia.

Espérance aliamka tukiwa tunakunja nyavu. "Tumefungwa ngapi?"

"Wewe haukufungwa hata bao moja."

Ilikuwa mara yake ya kwanza msimu ule. "Enfin," akasema, yaani hatimaye, akageukia upande wa pili, akalala tena.

Sasa wewe, mwanangu, ndiye unayeongoza wenzako, uwanjani au kazini. Yule asiyekataa kamwe ndiye wa kuulizwa kwanza. Muulize kama amekula, kama amelala. Akisema sawa, muulize tena. Mimi kila kitu nakihesabu mara mbili, na tabia hiyo ndiyo ningependa uirithi. Na kama asiyekataa ni wewe, sema umechoka wakati bado una sauti ya kusemea. Timu itafutwa, utapata nyingine. Mimi nimeshapita katika nyingi, na miguu yangu inazikumbuka zote.

Mungu akujalie usingizi wa kutosha, na watu wa kukufunika koti bila kukuamsha.