Oili Iliyotoka na Rangi ya Chai ya Maziwa

Asubuhi ndiyo kwanza inachangamka, na sakafu ya gereji bado ina baridi ya usiku. Bi Kidole amelala chali juu ya kipande cha boksi, tochi mdomoni, spana mkononi. Juu yake limesimama gari la zahanati, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kabla hajagusa bolti ya chini ya difu, anailegeza kwanza ya juu.

"Pa kuingilia kwanza, pa kutokea baadaye," anasema, tochi ikimfanya atamke kama mwenye jino bovu. "Ukimwaga oili halafu bolti ya juu ikagoma, umelilaza gari njaa."

Ya juu inalegea. Anahamia ya chini.

Kwa kawaida hapa ndipo roho yake hutulia. Oili ya kwanza baada ya kufunga gia mpya humweleza kila kitu. Akiipikicha vidoleni akaona unga laini wa kijivu, ni heri. Akikuta vipande vinavyokwaruza, ni msiba. Ni tabia hiyo ya kupikicha oili iliyofanya gereji nzima imwite Bi Kidole.

Leo hapikichi. Oili inamwagika kwenye karai, nzito, na rangi yake ni ya chai ya maziwa.

"Kaka," anamwita dereva kwa sauti ya chini mno. "Njoo uone ulichokunywesha gari la watu."

Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli, na ndani yake ndimo gia zinamogeuza nguvu ya injini kuwa mwendo wa magurudumu. Gia hizi Bi Kidole alizifunga kwa mkono wake, baada ya za zamani kulika meno. Gia mpya, anasema, ni kama mke na mume wapya. Ukiwabebesha mizigo kabla hawajazoeana, wataumizana.

Ndiyo maana alimpa dereva masharti. Aende mwendo mfupi, taratibu, kisha asimame aliache difu lipoe mpaka kiganja kiweze kukaa juu yake bila kuruka. Halafu aanze tena. Asivute gari jingine, asijaze mzigo. Zikitimia kilomita mia nane, arudi kumwaga oili.

Dereva, mtu mzima mwenye mvi masharubuni, anachuchumaa na kulitazama karai.

"Masharti nilifuata, dada. Kusimama nilisimama," anasema. "Ila siku moja nesi akapiga simu, kuna mama ana uchungu, na difu bado linachoma. Nikajiuliza, nitakaa hapa mpaka lini? Nikaliingiza kijitoni, maji yakafika kwenye ekseli. Likapoa kama mtungi."

"Ukajipongeza."

"Nisiseme uongo, nilijipongeza. Na siku zilizofuata nikarudia."

Bi Kidole anafumba macho. Difu likiwa na moto, anaeleza, hewa ya ndani huwa imetanuka. Ukilitosa ghafla kwenye maji baridi, ile hewa hunywea na difu huvuta pumzi kwa tundu lake la kupumulia, na kama nje ni maji, basi huvuta maji. Maji na oili havikai nyumba moja. Chuma ndicho kinacholipa.

Simu inalia. Ni nesi wa zahanati ya kule juu mlimani, ambako gari hili ndilo pekee la kuwashusha wagonjwa hospitali.

"Fundi, tulitegemee leo? Nina mama wawili hapa, siku zao zimefika. Mmoja unamjua kuliko mimi."

"Namjua. Nilimzaa mwenyewe."

Bintiye wa pekee ameolewa kule juu, na hii ndiyo mimba yake ya kwanza. Ndiye aliyekuwa mgongoni mwa mama yake zamani, wakati Bi Kidole akiingia gereji hii kuuza chai. Mafundi walianza kwa kumwomba awashikie tochi. Baadaye wakamwomba spana, na baadaye kabisa wakawa wanamwomba ushauri. Siku hizi mwezi mzuri humletea madifu matano au sita, na mwezi mbaya moja tu. Siku ya kurudi nyumbani na mikono misafi, anasema, hata usingizi hauji vizuri.

"Maji si yameshatoka?" dereva anauliza. "Tia oili mpya tuondoke. Nesi anangoja."

Ni jambo linalowezekana. Lingechukua muda mfupi tu, na hakuna ambaye angejua. Bi Kidole anaitazama chupa ya oili mpya, kisha njia inayopanda mlima.

"Difu likikatika kwenye ule mteremko, wewe utakuwa kwenye usukani na mwanangu nyuma," anamwambia. "Nafungua."

Anafungua bolti za kifuniko cha nyuma moja baada ya nyingine. Kifuniko kinabanduka, na mwanga wa tochi unaangukia meno yaliyotanda wekundu wa kahawia. Ni kutu.

"Mungu wangu," dereva ananong'ona.

"Usimsumbue bado. Zungusha gurudumu, polepole."

Anachovya kitambaa kwenye dizeli na kufuta jino la kwanza. Kitambaa kinatoka na kahawia, na jino linang'aa. Anapitisha ukucha juu yake akitafuta shimo au mkwaruzo. Ukucha unateleza. Jino la pili, la tatu. Dereva anazungusha. Katika jino moja ukucha unakwama.

"Rudisha nyuma kidogo."

Anafuta tena, kwa nguvu zaidi, na kupitisha ukucha mara ya pili. Unateleza. Ilikuwa kutu iliyoganda. Anaachia pumzi ndefu, na dereva anacheka kicheko cha mtu aliyekoswakoswa na nyoka.

"Usicheke. Kijito kimekuachia, mimi bado."

Anarudisha kifuniko, anatia oili ya kusuuzia, anazungusha magurudumu na kuimwaga. Mara ya kwanza inatoka na weupe. Mara ya pili inatoka safi. Ndipo anatia oili mpya mpaka inapofurika kwenye tundu la juu.

Lakini gia zimeonja kutu, na masharti yanaanza upya. Bi Kidole anaosha mikono, anaweka spana na nguo mbili kwenye mkoba, anafungua mlango wa mbele na kuketi.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Juu. Nitakaa na mwanangu mpaka ajifungue. Kila safari ukirudi, kiganja changu kitaingia chini ya gari hili kabla ya mgonjwa kupanda."

"Na gereji?"

"Gereji haina mimba."

Gari linaondoka taratibu. Bi Kidole ameinamisha kichwa upande wa nyuma, akisikiliza mvumo wa gia kama mtu anayesikiliza mtoto akipumua.

"Nikibaki huku chini nitasikia simu tu," anasema. "Nikiwa kule, nitalisikia gari lenyewe likija. Nataka nilisikie likija zima, limchukue mwanangu, na linirudishie wawili."