Mputa na Mbuta

Harufu ya mgongo wazi ukikaangwa iliingia nyumbani kwetu Busia, upande wa Uganda, kabla jua halijapanda, ikakaa kwenye mapazia, kwenye sare yangu ya shule, hata kwenye nywele. Mgongo wazi ni mabaki ya sangara: kichwa, uti na mkia. Minofu ilikatwa viwandani ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabakiwa na mifupa, na mama aliikaanga akaiuza sokoni. Mafuta yalipochemka, taya za vile vichwa zilifunguka polepole, kama za mtu anayetaka kusema jambo. Nilikuwa nikigeuza uso.

Mwaka huo nilikuwa na miaka tisa. Redio haikuacha kutaja kijisiwa cha mawe ziwani ambacho serikali mbili zilikigombania kwa ajili ya samaki wanaokizunguka. Sisi tulikuwa tukivuka mpaka kununua sukari na kurudi chai haijapoa. Sangara ni jina la redioni. Kwetu samaki huyo aliitwa mputa, na ng'ambo, Kenya, aliitwa mbuta. Tulichekana kwa herufi hiyo moja, basi.

Baba yangu mdogo, Wandera, alivua pamoja na Odongo, Mjaluo wa ng'ambo, kwenye mtumbwi mmoja tangu ujana wao. Msimu huo walikwenda ziwani wasirudi. Miezi miwili ikapita. Kisha mchana mmoja, jua la utosini, Wandera akaingia uani peke yake, amevaa shati lisilo lake. Mama akamsalimu, hakuitikia. Akamuuliza, "Shemeji, Odongo iko wapi?"

Wandera alifungua kinywa. "Mputa," alisema, kwa sauti yake nzito. Halafu, hata kabla ya kuvuta pumzi: "Mbuta." Sauti hii ya pili ilikuwa nyembamba, inakwaruza kidogo mwishoni. Niliijua. Ndiyo aliyonitania nayo Odongo kila alipotuletea samaki. Mama aliangusha mwiko kwenye mafuta.

Ikawa hivyo siku zote. Ukimuuliza kama amekula, ukimuuliza kama anaumwa, jibu ni hayo majina mawili kwa sauti mbili. Majirani wakaacha kupita uani kwetu. Bibi alimkandakanda koo kwa maji ya moto, akaomba, akakata tamaa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, lakini mimi nilitamani kile kimya kuliko mshindo wenyewe.

Siku ya nne mama yake Odongo alivuka mpaka. Alikuwa bado nje ya ua nilipompa baba mdogo maji na kumuuliza kama yanatosha. Akajibu kama kawaida yake. Yule mama akaingia mbio, kanga imemdondoka, akiita, "Odongo! Odongo wuoda!" yaani mwanangu. Alitazama nyuma ya mlango, akatazama chini ya kitanda. Kisha akaelewa sauti ilikotoka. Akamshika Wandera mashavu kwa mikono miwili. "Sema tena," akamwomba. "Mwanangu, sema tena."

Kuanzia hapo alikuja kila mchana. Aliketi kwenye kigoda mbele yake, akauliza swali lolote ili tu asikie lile neno la pili, na akilisikia anafumba macho na kutabasamu. Tabasamu lile liliniogopesha kuliko sauti. Na Wandera alikonda, kana kwamba kila neno lilichukuliwa mwilini mwake.

Mchana mmoja yule mama alipouliza, Wandera alilia. Kisha akasema, kwa sauti yake mwenyewe:

"Mama, walitukamata askari. Sijui wa nchi gani, bendera walikuwa wameshusha. Wakainua samaki, wakauliza, huyu anaitwaje? Odongo akasema mbuta. Wakampakia boti yao. Wakaniuliza mimi. Ningesema mbuta kama yeye, tungekwenda wote. Nilinyamaza. Wakaniacha majini na mtumbwi, nikakaa visiwani nikiona aibu kurudi."

"Sasa sitamsikia tena," alisema mama Odongo. Akafunga kanga, akaondoka. Ni kweli, sauti ile haikurudi. Wala Odongo hakurudi.

Siku hizi maofisa wa nchi zote mbili hukaa ukumbi mmoja pale mpakani. Unaonyesha kitambulisho, unapita. Kijisiwa hakitajwi sana redioni. Wandera analima karanga Molo, ile ya Uganda, mbali na ziwa, na anazungumza kama watu wengine. Mwaka jana mama Odongo alipofariki, tulivuka pamoja kwenda mazikoni. Huko kila anayesimama kusema hujitambulisha kwanza. Wandera alisimama, akashika kofia yake, watu wakangoja.

"Mimi ni Wandera," alisema. "Ndimi niliyenyamaza."

Kwenye benchi la watoto wa marehemu, mzee mmoja alisogea, akampisha mahali pa kukaa.